Dawa ileile: kapsuli wanasema kula kwanza, ya maji wanasema usile. Kisa cha pete za wanga

Mfamasia wa Kona (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kaja mama mmoja dukani na mifuko miwili. Mmoja una kapsuli za itrakonazoli za miligramu 100, kaandikiwa hapahapa Dar kwa ajili ya fangasi wa kucha. Wa pili una chupa ya itrakonazoli ya maji, katumiwa na mdogo wake aliyeko Uingereza. Kaviweka vyote juu ya kaunta, kaniangalia: "Baba, hebu nisomee. Hizi wanasema nimeze nikishakula. Hii wanasema ninywe tumbo likiwa tupu. Dawa si moja? Nani muongo hapo?"

Hakuna muongo. Nilimweleza kwa dakika mbili kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, ila nikalala na deni. Nalilipa hapa.

Itrakonazoli na maji ni maadui. Kwenye maji ya kawaida, yasiyo na tindikali, inayeyuka kama nanogramu 1 tu kwa mililita. Tuiweke kimtaani: kapsuli moja ya miligramu 100 ingehitaji maboza kumi ya maji, yale ya lita 10,000, ndiyo iyeyuke yote. Na dawa isiyoyeyuka haipiti ukuta wa utumbo. Imeingia mdomoni, itatokea kule kwingine, mwili haukuonja kitu.

Kinachoiokoa kapsuli ni tindikali ya tumboni. Kwenye ukali wa pH 1 umumunyifu wake unapanda hadi mikrogramu 4 hivi kwa mililita, yaani mara elfu kadhaa. Ukila, tumbo linamwaga tindikali, nyongo nayo inashuka, chakula kinakaa kwa muda, dawa inapata nafasi. Ndiyo maana ya "meza baada ya kula". Si adabu ya mezani.

Sasa ile ya maji. Wametumia kitu kinaitwa saiklodekstrini. Ni wanga uliokatwa na vimeng'enya vya bakteria, halafu vipande vya glukosi vikashikana mikono kufanya duara. Duara la glukosi 6 ni alfa, la 7 ni beta, la 8 ni gama. Chukua ndoo, toboa kitako chote, umepata umbo lake: juu pana, chini pembamba kidogo, katikati uwazi. Nje yake inapenda maji. Ndani inapenda mafuta. Uwazi wa beta una upana wa nanomita 0.6 hivi, na humo molekuli ya dawa inayochukia maji inaingiza kichwa, au mkia, au mwili mzima kama ni ndogo. Maji yanaona nje ya ndoo tu, yanaipokea. Dawa imeingia mjini kwa jina la mtu mwingine.

Katika kila mililita 10 za ile dawa ya maji kuna miligramu 100 za itrakonazoli na gramu 4 za pete, yaani hizo saiklodekstrini. Pete ni mara 40 kwa uzito! Nikapiga hesabu kwa idadi ya molekuli, ikaja pete kama 20 kwa molekuli moja ya dawa. Kwa hiyo dawa inafika tumboni ikiwa imeshayeyuka, haimuombi mtu tindikali, na tumbo tupu ndilo linaloifyonza vizuri zaidi.

Niseme na langu, maana kujificha hakusaidii. Miaka ya nyuma nilimuuzia kijana mmoja kapsuli hizohizo. Wiki sita, fangasi ziko palepale. Aliporudi ndipo nikamuuliza kama kuna dawa nyingine anakunywa. "Omeprazo, kila asubuhi, nina vidonda vya tumbo." Tindikali yote ilikuwa imezimwa, kapsuli inasubiri kitu ambacho hakiji. Swali la sekunde tano sikuliuliza siku ya kwanza.

Karibuni. Wenye maswali, wenye kupinga, wote.

---

Chaja Mbovu

Nimeweka kambi hapa. Swali la mtu wa kawaida: hiyo dawa ikishaingia kwenye ndoo inatokaje? Isije ikawa tunameza ndoo zimefungwa vifuniko tunazitoa vilevile.

---

Mfamasia wa Kona

Swali zuri kuliko unavyodhani, mkuu.

Hakuna kifuniko wala gundi. Dawa haijaungana na pete kikemia, imejibanza tu. Ichukulie daladala: abiria anapanda, anashuka, anadandia nyingine, kutwa nzima. Kwenye chupa daladala ni nyingi, kwa hiyo kila anayeshuka anapata gari papo hapo. Ukimeza, maji ya tumboni yanaizimua ile dawa, magari yanatawanyika, anayeshuka anajikuta kituoni peke yake. Na hapo kituoni pana chumvi za nyongo zinazogombania kiti hichohicho. Basi anashuka na kupenya ukuta wa utumbo. Pete yenyewe kubwa, haipenyi, inaendelea na safari ya chini.

Ndiyo maana kuna kosa ambalo hata watengenezaji hufanya: kujaza pete kupita kiasi. Dawa inayeyuka vizuri sana, mwonekano wa chupa safi kama maji ya chemchemi, lakini ufyonzwaji unashuka. Abiria wamebaki garini. Unataka pete za kutosha kuyeyusha dawa, basi.

---

mama_Upendo

Asante sana kaka. Mimi nina kisukari. Hizo gramu 4 za wanga si zitanipandisha?

---

Mfamasia wa Kona

Dada, hiyo pete iliyomo humo ni beta iliyovalishwa vishikizo vya haidroksipropili. Vimeng'enya vya utumbo mwembamba haviikati kuwa glukosi, kwa hiyo usiihesabu kama ugali. Inashuka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wanahangaika nayo. Shida yake ni nyingine: inavuta maji, na dozi ya miligramu 200 ni mililita 20, yaani gramu 8 za pete. Wengi wanaharisha. Ukiona hivyo usishangae, ila mwambie daktari wako, na dawa zako za sukari mwonyeshe pia, maana itrakonazoli ina tabia ya kugombana na dawa nyingi ini likiwa katikati.

Gama ndiyo inayomeng'enywa na amilesi ya mwili. Hiyo sasa ni wanga kweli.

---

Mzee wa Makabati

Kidogo cha historia kwa wanaopenda. Villiers, Mfaransa, mwaka 1891 aliwapa bakteria kilo moja ya wanga akabaki na gramu 3 za fuwele asizozielewa. Akaziita selulosini, akaendelea na shughuli zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 akaja Schardinger wa Austria, yeye alikuwa anafukuzana na vijidudu vinavyoharibu chakula, akazikuta tena. Miaka ya 1930 Freudenberg na wenzake kule Ujerumani ndio wakaonyesha kwamba ni duara. Hati ya ubunifu ya kuzitumia kwenye dawa ikatoka 1953. Dawa ya kwanza sokoni? Japani, 1976, prostaglandini E2 ndani ya pete ya beta, kidonge cha chini ya ulimi. Italia 1988 ikaleta piroksikamu, dawa ya maumivu.

Toka gramu 3 hadi kidonge miaka 85. Halafu kuna watu humu wanalalamika uzi wao haujajibiwa tangu asubuhi.

---

binti_wa_maabara

Shikamooni. Nimefika kwa kuchelewa lakini Mungu ndiye aliyenileta, maana projekti yangu ya mwaka wa nne ni hii hii na inanitoa jasho.

Ninafanya mchoro wa umumunyifu kwa njia ya Higuchi na Connors, yaani kupima dawa inayeyuka kiasi gani kadiri pete zinavyoongezeka. Nina chupa nane, kila moja ina pete ya beta kwa kiwango tofauti, 0 hadi 25 milimola kwa lita. Naweka dawa kupita kiasi, natikisa saa 48 kwa nyuzi 25, nachuja, nasoma kiwango cha dawa kwenye spektrofotomita. Kuanzia 0 hadi 15 mstari unapanda umenyooka kama rula. Kwenye 20 na 25 unalala kabisa. Msimamizi wangu anasema nimechuja vibaya. Nimerudia mara tatu. Mara ya tatu nimelia.

---

Mfamasia wa Kona

Marahaba. Pole mwanangu, futa machozi, nijibu moja: zile chupa mbili za mwisho, kabla hujaweka dawa, maji yake yalikuwa safi?

---

binti_wa_maabara

Yalikuwa na ukungu nikayapasha moto kidogo kwenye hotipleti yakawa safi. Kisha nikaweka dawa nikawasha mashine ya kutikisa nikaenda bwenini. Asubuhi ya pili chini kulikuwa na unga mweupe mwingi, nikajua ni dawa iliyozidi.

---

Mfamasia wa Kona

Umemkamata mwizi mwenyewe bila kujua. Huo unga si dawa peke yake, na pete imo.

Pete ya beta ina kasoro ya kuzaliwa: yenyewe haiyeyuki sana. Alfa inayeyuka miligramu 145 kwa mililita, gama 232, beta 18.5 tu kwa nyuzi 25. Sababu ni kwamba vikundi vyake vya haidroksili vilivyo kwenye ukingo mpana vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe, pete nzima inakakamaa, haina haja na maji. Sasa gawanya 18.5 kwa uzito wake wa molekuli, 1135. Unapata kama milimola 16 kwa lita. Zaidi ya hapo hakuna pete iliyoyeyuka ya kuongeza! Chupa zako za 20 na 25 ziliyeyuka kwa sababu ya moto, zilipopoa zikarudisha chini ulichozilazimisha. Kwa hiyo zote tatu za mwisho zina pete karibu sawa, na mstari ukalala.

Chora upya kuishia 14. Na usichanganye hili na ule mchoro wa aina ya B, ambapo dawa na pete vikishaungana ndivyo vinavyogoma kuyeyuka. Ule nao unalala, halafu unashuka. Kujua upi ni upi, chukua ule unga wa chini, ukaushe, uupime: ni pete tupu, dawa tupu, au vyote viwili.

Kupata K, yaani kipimo cha nguvu ya pete kuishika dawa: mteremko gawa kwa (umumunyifu wa dawa pekee × (1 − mteremko)). Mfano wa kubuni: dawa pekee inayeyuka milimola 0.1 kwa lita, mteremko 0.2. Basi 0.2 gawa kwa 0.0001 mara 0.8, unapata 2,500 kwa mola. Geuza milimola kuwa mola kwanza, hapo ndipo wengi wanapozika alama zao. Na hiyo kanuni ni ya pete moja kwa dawa moja. Mstari ukipinda kwenda juu, ujue dawa inavaa pete mbili, kanuni ni nyingine.

Chujio nalo lichunguze. Pitisha mmumunyo wa dawa unaoujua kiwango, soma kabla na baada. Kuna machujio yanakunywa dawa kuliko mgonjwa.

---

Kaka wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nilikuwa nadhani hizi ni habari za vitabuni tu, kumbe wakati wa korona nilikuwa nazishika kila siku wodini. Remdesiviri ya unga si ina hii kitu? Nakumbuka tulikuwa tunaambiwa tuangalie figo.

---

Mfamasia wa Kona

Ndiyo yenyewe, sheikh. Kichupa cha unga cha miligramu 100 kina gramu 3 za pete ya beta iliyovalishwa salfobutili. Vorikonazoli ya mshipani, dawa nyingine ya fangasi, pia: miligramu 200 za dawa, miligramu 3,200 za pete. Hiyo pete ya salfobutili ilitoka Chuo Kikuu cha Kansas, kwa akina Stella na Rajewski.

Habari ya figo ina ngazi mbili na watu huzichanganya.

Ngazi ya kwanza, beta tupu, isiyovalishwa chochote. Hiyo haidungwi mtu. Ikiingia kwenye damu inabeba kolesteroli, na muungano huo unajifanya fuwele ndani ya figo. Kwa mdomo haina shida hiyo kwa sababu haipenyi, hata kwenye chakula imo, inaandikwa E459. Ila mshipani, hapana.

Ngazi ya pili, hizi zilizovalishwa. Zenyewe zinayeyuka vizuri na zinatoka kwa mkojo jinsi zilivyoingia. Figo zikiwa dhaifu, zinabaki ndani zinarundikana. Ndiyo maana kwa vorikonazoli ya mshipani, mgonjwa ambaye usafishaji wake wa kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) uko chini ya mililita 50 kwa dakika, maelekezo yanasema mpeleke kwenye vidonge ukiweza. Kwa remdesiviri walianza na tahadhari hiyohiyo, kisha Julai 2023 Marekani wakaruhusu itumike hata kwa wenye figo mbovu kabisa, walio kwenye dayalisisi wakiwemo. Tiba ni ya siku chache, na dayalisisi yenyewe inaitoa pete.

---

Usingizi Salama

Naona mmeongea yote mmesahau mtoto mzuri kuliko wote. Mimi ni mtu wa chumba cha upasuaji, kazi yangu ni nusu kaputi.

Tunampa mgonjwa rokuroniamu ili misuli ilegee, mrija uingie kooni. Mwisho wa upasuaji tunataka misuli iamke. Kwa miaka yote tumetumia neostigmini, unaichanganya na atropini ili moyo usipungue kasi, halafu unasubiri, jicho kwenye saa, jicho kwenye kifua. Na kama rokuroniamu bado ni nyingi, neostigmini haifui dafu.

Sasa kule Newhouse, Scotland, kulikuwa na mkemia wa Organon anaitwa Anton Bom. Alikuwa anatafuta pete ya kuyeyushia rokuroniamu, kazi kama hiyo ya mfamasia wetu. Akaona moja inaishika dawa kwa nguvu. Akageuza swali: kama inaishika hivi ndani ya chupa, kwa nini isiikamate ndani ya damu? Wakachukua gama, ile ya glukosi 8, wakairefusha kwa mikia minane yenye chaji hasi, kwa kuwa rokuroniamu ina chaji chanya. Ikawa sugamadeksi. Ulaya wakaipitisha 2008, Marekani wakasuasua kwa hofu ya mzio hadi Desemba 2015.

Nimeiona ikitumika. Unasukuma sindano, unageuka kuweka bomba kwenye trei, ukirudisha macho mgonjwa anakunja vidole. Daladala ya mfamasia inashusha abiria. Hii ni karandinga, ukipanda umepanda, mtakutana kwenye mkojo.

Moja la kuwaambia akina dada: pete hiyo inaweza kukamata pia homoni za uzazi wa mpango. Ukipewa sugamadeksi, hesabu kama umeruka kidonge cha siku hiyo, na kwa siku 7 ongeza kinga nyingine. Waulize wangapi wanaambiwa hilo wakitoka teatani. Bei yake ndiyo sababu kwetu wengi bado tuko na neostigmini.

---

Chaja Mbovu

Karandinga 😂😂 mmeniua.

---

Mkulima Msomi

Nimesoma kimya toka mwanzo. Wanga. WANGA. Muhogo tunao, mahindi tunayo. Dawa mseto ya malaria tunaambiwa tunywe na maziwa au chakula chenye mafuta kwa sababu haiyeyuki. Sasa mbona hawatii hizo pete kwenye mseto watoto wakaachana na maziwa? Na mbona sisi hatutengenezi pete zenyewe? Au ndiyo yaleyale?

---

Mfamasia wa Kona

Mkuu, nikujibu bila siasa.

Kuhusu mseto uko sahihi kwenye ugonjwa, tiba ndiyo ngumu. Lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo kwenye mseto, ni mpenda mafuta wa kutupwa. Ikinywewa na mlo wenye mafuta, ufyonzwaji wake hupanda hadi mara 16 ukilinganisha na tumbo tupu. Lakini angalia uzito. Kidonge kimoja kina miligramu 120 za lumefantrini, mtu mzima anameza vinne kwa mara moja, yaani 480. Hata tungepata bahati ya pete moja kwa dawa moja, beta ina uzito zaidi ya mara mbili ya lumefantrini, kwa hiyo umeongeza gramu nzima na ushee. Na bahati hiyo haipo. Umeona itrakonazoli ilivyohitaji pete 20. Ungempa mtoto kidonge ukubwa wa andazi. Pete zinafaa pale dozi ni ndogo na molekuli ina sehemu inayoenea kwenye uwazi. Kwa mseto, kikombe cha maziwa ni teknolojia bora, na ya bei nafuu.

Si kila dawa inahitaji pete hata hivyo. Flukonazoli inayeyuka yenyewe, kula usile ni sawa. Artesuneti ya sindano wanaigeuza chumvi kwa sodiamu baikaboneti palepale kitandani. Diazepamu ya sindano wanaiyeyusha kwa propilini glaikoli na alkoholi, ndiyo maana ikipita kwenye mshipa inauma. Griseofulvini ya mapunye wanaisaga laini sana na bado wanakuambia kula chenye mafuta.

Kuhusu muhogo: wanga wake unafaa. Unaupika ulegee, unatia kimeng'enya cha bakteria, unapata mchanganyiko wa alfa, beta na gama. Beta inatoka kirahisi kwa sababu ya ileile kasoro iliyomliza binti yetu: haiyeyuki vizuri, inajitenga kama fuwele. Kasoro ya maabara, neema ya kiwanda. Kazi inaanza baada ya hapo, kuisafisha hadi kiwango cha dawa, na kama ni ya sindano iwe haina mabaki yoyote ya bakteria yanayoleta homa. Hapo ndipo hela inapokwenda, wanga wenyewe ni sehemu ndogo. Ningeanza na za chakula na manukato, ambako masharti ni mepesi. Ukipata mbia niite.

---

mama_Upendo

Na yule mama wa mifuko miwili ulimwambia nini mwishowe?

---

Mfamasia wa Kona

Nilimwambia achague njia moja, asichanganye, na kwamba mililita na kapsuli hazibadilishani hata kama miligramu zinalingana, kwa sababu kinachofika kwenye damu si sawa. Nikampigia daktari wake mbele yake. Daktari akasema abaki na kapsuli, amalize mzunguko. Nikamuuliza mama kuhusu dawa za vidonda vya tumbo. Hana. Angekuwa nazo tungezungumza upya. Kuna wanaoelekezwa kumeza kapsuli na soda ya kola kwa ajili ya ukali wake, na inasaidia kweli, ila hilo aamue daktari.

Chupa ya maji kaniachia nimwekee. Nikamwambia mama, chukua, siwezi kuweka dawa ya mtu. Akacheka, akasema basi atamrudishia mdogo wake aone hasara.

---

binti_wa_maabara

Narudi na mrejesho. Nimerudia, 0 hadi 14, chupa nane, bila moto. Mstari umenyooka wote. Ule unga wa chini nimeukausha nikaupima: pete, na dawa kidogo. Chujio langu lilikuwa linakunywa dawa pia, nimebadilisha.

Nimempelekea msimamizi. Kaangalia mchoro, kaangalia tena, kasema, "Nilikwambia umechuja vibaya."